Bata wa Mdomo wa Samawati

Wasomaji wenzangu, mtu aliyesoma kidogo anayo hatari moja ambayo asiyesoma hana, nayo ni kudhani ya kuwa jambo asilolijua yeye halipo duniani. Mimi nilianguka katika hatari hiyo mjini Naivasha, mwezi wa Mei, mbele ya watu wengi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Na kwa kuwa nilikosa mbele ya watu, naona yafaa niungame mbele ya watu vilevile, maana huenda habari hizi zikawafaa wale walio na mabwawa ya maji karibu na mashamba yao.

Ofisi yetu ilikuwa imenituma Naivasha kwa kazi ya siku chache, kulinganisha hesabu za madaftari. Siku ya kwanza adhuhuri niliingia katika hoteli ndogo ya chai karibu na kituo cha mabasi. Ukutani, juu ya meza niliyokalia, ilitundikwa picha iliyochorwa kwa rangi za maji, ukubwa wake kama daftari la shule lililofunguliwa. Ilikuwa picha ya bata wa mwitu. Maji aliyoelea juu yake yalikuwa karibu karatasi tupu, isipokuwa mistari michache ya rangi ya kijivu iliyotosha kuonyesha mawimbi. Mwili wa bata ulikuwa mwekundu wa kutu, kichwa cheusi kama masizi, na mkia wake ulisimama wima nyuma kama ufagio uliochomekwa ardhini. Lakini mdomo, wasomaji, ulikuwa wa samawati! Samawati safi, kama anga la asubuhi baada ya mvua kubwa.

Nilicheka kwa sauti. Nikasema, "Mchoraji huyu aliishiwa na rangi. Mimi nilizaliwa karibu na bwawa, nimefuga bata na nimekula bata. Mdomo wa bata ni wa manjano, au mweusi, au mwekundu. Bata mwenye mdomo wa samawati hayupo."

Watu wakageuka kunitazama. Mwenye hoteli, mama wa makamo aliyekuwa akihesabu chenji, alinijibu pasipo kuinua macho. "Bwana Karani, picha hiyo ilichorwa na mvuvi. Mvuvi hamkosei ndege wa ziwani, kama wewe usivyokosea stakabadhi."

"Hata karani hukosea, Mama," nikasema.

"Basi nenda Kamere ukamwambie mwenyewe. Ukishinda, utakunywa chai yangu bure mpaka uondoke. Ukishindwa, utainunua picha hiyo kwa bei yake."

Bei ilikuwa imeandikwa chini ya picha, nayo ilikuwa sawa na mshahara wangu wa siku mbili. Lakini watu walikuwa wakisikiliza, na kiburi ni mshauri mbaya. Nikakubali.

SAFARI YA KAMERE

Siku ya Jumamosi alfajiri nilipanda matatu inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa. Mkono wa kushoto yako mabanda marefu ya maua, moja baada ya jingine, na wafanyakazi wa zamu wakiingia milangoni kwa mamia. Mkono wa kulia, kila miti inapoachana, ziwa huonekana likimetameta.

Ziwa hili li juu sana, yapata mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, na jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka. Jina hilo ni la haki, kwa maana asubuhi maji hutulia kama kioo, na alasiri upepo huyainua mawimbi hata mashua ndogo huwa mashakani. Mito ya Malewa na Gilgil huingia humo, wala hakuna mto hata mmoja unaoonekana ukitoka, lakini maji yake ni matamu, maana hupenya chini ya ardhi. Mwaka 1937 ndege kubwa za kampuni ya Imperial Airways, zile zenye matumbo kama ya mashua, zilianza kutua juu ya maji haya katika safari zao za kutoka Uingereza kwenda Afrika Kusini. Nitawarudisha kwenye ndege hizo baadaye, maana zina ukoo wa namna fulani na habari za bata wetu.

Nilipofika Kamere niliona jambo la kuhuzunisha. Migunga mikubwa ilisimama ndani ya maji, mbali na ufuo, imekufa yote, matawi meupe kama mifupa, na juu yake ndege weusi wa kuvua samaki wamekaa wakianika mabawa. Ziwa lilipanda sana kuanzia mwaka 2019 na kuendelea, likameza miti, mashamba na nyumba za watu. Watoto wa siku hizi hucheza ufuoni wakidhani miti hiyo iliota majini tangu mwanzo.

Mchoraji hakuwa mgumu kumpata. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mikono iliyochanwa na nyuzi za nyavu. Nilimsalimu, nikamweleza habari ya ubishi wetu, nikitazamia akasirike. Hakukasirika. Alisema, "Bwana Karani, kama unataka kumjua bata, hatutamjulia hapa nchi kavu. Vua viatu."

BATA MZAMAJI

Tulipiga makasia polepole tukifuata ukingo wa mafunjo. Mzee akanieleza ya kuwa bata wa mwitu wako wa namna mbili. Wa kwanza hula juu ya maji. Huinamisha kichwa chini na kuinua makalio juu, kama mwanamke apaliliaye, wala mwili wao hauzami. Hao ndio wengi, na kila mtu amewaona. Wa pili ni wazamaji, ambao huzama mwili wote hata chini ya ziwa na kutafuta chakula matopeni. Bata wa picha ni wa namna hii ya pili. Katika vitabu vya ndege huitwa maccoa, naye ni wa Afrika peke yake. Makao yake ni nyanda za juu za Ethiopia, Kenya na Tanzania, na tena nchi za kusini mwa bara letu.

Katika hori iliyokingwa na upepo tuliwakuta sita. Walikuwa wafupi, wanene, wa rangi ya udongo, na mashavuni mwao palikuwa na mstari mweupe chini ya jicho kana kwamba mtu amewapaka chokaa kwa kidole. Mikia yao ililala juu ya maji. Midomo yao, niliitazama vizuri, ilikuwa ya kijivu.

Nikasema moyoni, "Chai ya bure." Lakini nilinyamaza, maana walianza kuzama, nami sijapata kuona kitu kama kile. Bata mmoja alijibana manyoya, akawa mwembamba, akatoweka bila kurusha tone. Hapakuwa na kishindo wala povu. Nilitazama saa yangu ya mkono. Sekunde kumi na tisa, kisha akaibuka kama kizibo cha chupa, akavuta pumzi mara chache, akazama tena. Wa pili alikaa chini sekunde ishirini na tatu. Nilihesabu mara kumi na mbili, na kila mara nilikosea mahali atakapotokea.

"Huko chini hana haja ya macho sana," Mzee akaeleza. "Huupeleka mdomo wake mpana ndani ya tope laini kama mwanamke achekechaye unga. Tope hupita, na mabuu ya visubi na mbegu ndogo hubaki."

Nikamwuliza kama hali samaki, kwa kuwa kwetu watu husema kila ndege azamaye ni mwizi wa samaki. Akatikisa kichwa. "Huyu si mwizi wa mtu. Hali samaki, wala haingii katika mahindi yako wala katika ngano yako. Wengine hufanya hivyo, na huyu hupigwa mawe kwa makosa yao."

Miguu ya ndege huyu imewekwa nyuma kabisa, karibu na mkia, kama rafadha ya meli. Kwa sababu hiyo ni hodari majini, bali nchi kavu ni kama kilema. Huyumba akitembea, na ni nadra sana kumkuta nje ya maji. Hata kuruka ni kazi kubwa kwake. Hawezi kupaa moja kwa moja kama bata wengine, bali hukimbia juu ya maji kwa mwendo mrefu akipiga mabawa na kurusha matone, mpaka uzito wake ukubali kuinuka. Hapo ndipo nilipozikumbuka zile ndege za mwaka 1937, ambazo nazo zilihitaji njia ndefu ya maji kabla ya kupaa. Kwa hiyo bata huyu akiona hatari hakimbilii angani. Huzama. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo.

Kiota chake hukijenga katikati ya matete, juu tu ya maji, kwa kukunja majani mpaka yawe kama bakuli. Jike hutaga mayai makubwa mno kwa mwili wake. Yeye ni mdogo kuliko kuku wa nyumbani, lakini yai lake ni kubwa kuliko la kuku. Huatamia peke yake yapata siku ishirini na sita, na dume hamsaidii. Pengine jike hutia yai lake katika kiota cha jirani na kwenda zake. Vifaranga wakitoka ndani ya mayai hayo makubwa huwa wameiva tayari, na wajua kuzama mapema sana.

"Haya yote ni kweli, Mzee," nikasema mwishowe. "Lakini mdomo wa samawati uko wapi?"

Akacheka. "Hawa uwaonao ni majike, na pengine madume waliovaa nguo za kazi. Dume hana samawati mwaka mzima. Wakati wa kuoa hubadilika, kichwa kikawa cheusi, mwili ukawa mwekundu, na mdomo ukawaka. Hapo huinua mkia, huvimbisha shingo, na kutoa mngurumo mdogo kama wa chura. Haja yake ikiisha, hurudi kuwa wa udongo. Je, wewe ulivaa suti ya harusi leo asubuhi?"

Jibu hilo lilikuwa zuri, lakini halikuwa ushahidi, na mimi ni karani. Nikamwambia kwa heshima ya kuwa bado sijaona.

WAVU

Tulipozunguka ncha ya mafunjo tulimkuta kijana mmoja akivuta nyavu zake karibu sana na matete. Mzee alimsalimu, naye akaitikia kwa adabu. Samaki walikuwa wachache. Ngege kadhaa, na zaidi yao wale samaki wanene wa kigeni waitwao carp, ambao walionekana katika ziwa hili kwenye miaka ya 2000 na baadaye wakawa wengi kupita samaki wengine wote. Hao nao huchimba matope wakitafuta mabuu yale yale ambayo bata huyatafuta.

Kisha wavu ukaleta kitu kingine. Mwanzo nilidhani ni gogo la kutu. Kijana akalikunjua katika nyuzi, akaliweka juu ya ubao wa mashua. Kichwa kilikuwa cheusi kama masizi. Mwili ulikuwa mwekundu. Maji yalichuruzika kutoka mkia mgumu. Na mdomo, wasomaji wenzangu, ulikuwa wa samawati, vilevile kama picha ya hotelini. Hapakuwa na kosa hata la nukta moja.

Sikuwa na neno. Nilikuwa nimekuja kutafuta kosa la mtu mwingine, nami nikalipata langu, limelala limekufa mbele yangu.

Mzee pia alinyamaza, akamtazama ndege. Kijana aliona haya, kisha akaona hasira. Akasema, "Mzee, usinitazame hivyo. Mimi sikumwita. Wavu wenyewe nimeukopa, na mtoto wangu haniulizi kama kitoweo ni samaki au bata."

"Sisemi kitu, mwanangu," Mzee akajibu. "Nakuomba dakika kumi tu kabla hujamnyonyoa."

Alitoa chini ya kiti chake bati la biskuti. Ndani yake mlikuwamo kisanduku cha rangi kilichochakaa, brashi mbili, na karatasi nene zilizofungwa katika mfuko wa nailoni. Alichota maji ya ziwa kwa kifuniko cha chupa. Hakumchora ndege mzima. Alichora mdomo tu, mara tatu, kila mara kwa haraka. Alilowesha karatasi, akagusa rangi ya samawati kwa ncha ya brashi, akaiacha itembee yenyewe ndani ya unyevu, na mahali pa mng'ao wa jua aliacha karatasi tupu.

"Kwa nini haraka hii yote?" nikamwuliza. "Amekwisha kufa, hatakwenda popote."

"Yeye haendi," akasema, "lakini rangi inakwenda. Mtazame tena tutakapofika ufuoni."

Kijana alitufuata taratibu. Tulipotia nanga, jua lilikuwa limepanda, nami nikaenda kumtazama ndege. Samawati ilikuwa imeanza kufifia na kuwa kama risasi. Mzee akaniambia ya kuwa kufikia jioni mtu angeapa kwamba mdomo ule ulikuwa wa kijivu tangu siku zote. Ndipo nilipofahamu kazi ya picha ile. Wavuvi wengi humwona ndege huyu akiwa maiti ya jana, na wenye mashamba humwona akiwa katika nguo zake za udongo. Rangi yake ya kweli yaishi kwa muda mfupi, na isiposhikwa katika karatasi, hakuna awezaye kuishuhudia.

Kuhusu wavu, jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Ndege huyu akiogopa huzama, na akiona njaa huzama. Nyuzi za nyavu za siku hizi ni nyembamba, hazionekani ndani ya maji, na zikitegwa karibu na matete husimama katika njia yake ya kila siku. Akinaswa hawezi kufika juu kuvuta pumzi. Hufa maji, yeye aliyeumbwa kwa maji.

Mzee aliungama mbele yangu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutoa bata wanne katika wavu mmoja asubuhi moja. Picha ya hotelini ilitokana na mmoja wao. Tangu siku hiyo huzitega nyavu zake mbali na matete, katika kina kirefu, na huziinua mapema. Nikamwuliza kama hupata samaki walewale. Akasema, "Hapana. Hupata wachache. Lakini mimi huuza picha moja, nikalipa pengo. Kijana yule hana brashi. Siwezi kumhukumu."

Nimelikumbuka sana jambo hilo. Katika dunia hii kuna watu wema ambao wema wao una mahali pa kuegemea, na kuna wengine ambao hawana.

BWAWA LA KWETU

Niliinunua picha ile, nikalipa bei yake yote, na mwenye hoteli akaniongezea chai bure kwa huruma. Nikarudi nayo nyumbani Nyandarua.

Kijijini kwetu liko bwawa lililochimbwa zamani za walowezi, kabla ya mwaka 1963. Kila mwaka hupungua kina, kwa kuwa matope huingia na mvua. Mimi ni mwandishi wa kamati ya maji, na mwezi wa Julai palikuwa na mkutano wa kuamua kama matete yote yaliyosalia yang'olewe, ili mboga zipandwe hata ukingoni. Niliichukua picha, nikaiweka mezani.

Mzee mmoja aliitazama, akauliza, "Ndege huyu huleta shilingi ngapi?"

Nilisema ukweli, ya kwamba haleti hata moja. Nikawaambia pia kwamba vitabu vinamhesabu miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, kwa sababu mabwawa yanakaushwa, maji yanachafuliwa, na nyavu zinamnasa. Nikawaeleza habari za ndugu yake wa Hispania, bata mwenye kichwa cheupe na mdomo wa samawati vilevile, ambaye mwaka 1977 walihesabiwa 22 tu waliobaki katika nchi ile. Wakaacha kumwinda, wakayahifadhi mabwawa yake, na kufikia mwaka 2000 walikuwa maelfu. Wajumbe walisikiliza kwa adabu, lakini niliona wazi ya kuwa Hispania ni mbali.

Kisha nikasema neno la pili, ambalo ni la mkulima. Matete yaliyo juu ya ukuta wa bwawa si mazuri, maana huficha nyufa na mashimo ya wanyama. Hayo yaondolewe. Lakini matete ya mlangoni, pale maji ya mvua yaingiapo, hupunguza mwendo wa maji na kuushika udongo usiingie ndani. Tukiyang'oa hayo, kabichi zitaota miaka michache, na bwawa litakufa kwa matope. Hapo watu walianza kuulizana.

Ndipo bibi mmoja mzee sana, aliyekuja mkutanoni kwa habari ya bomba lake, akaomba aletewe picha. Akaishika karibu na macho yake kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu namjua. Alikuwa hapa. Tulipokuja kuteka maji tukiwa wasichana, alikuwa akiinua mkia wake hivi, upande ule wa chini, na sisi tulimcheka."

Nikasema, "Bibi, mimi nimezaliwa hapa, wala sijapata kumwona."

Akanijibu, "Wewe, mwanangu, ulizaliwa matete ya upande ule yakiwa yamekwisha kukatwa."

Wasomaji wenzangu, nimesoma vitabu vingi, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha kama bibi yule kwa maneno yale machache. Mimi nilisema hotelini, mbele ya watu, kwamba bata mwenye mdomo wa samawati hayupo, nikajisifu kuwa nilizaliwa karibu na bwawa. Kumbe alikuwako katika bwawa lilo hilo, akaondoka kabla sijazaliwa, na sisi tuliokuja nyuma tukadhani kwamba hakuwako kamwe. Watoto wa Kamere nao hudhani migunga iliota majini. Kila kizazi huhesabu utajiri wake kuanzia siku kilipofumbua macho, na hasara iliyopita kabla ya hapo hakiioni.

Kamati iliamua kuondoa matete ya ukutani na kuyaacha ya mlangoni, hatua thelathini kila upande, pasipandwe kitu wala mifugo isipite hapo. Haukuwa uamuzi wa watu wote. Wawili walikataa, na mmoja wao ndiye mwenye shamba linalopakana na mlango wa maji, naye anayo haki ya kunung'unika, kwa kuwa hatua hizo zinamgusa yeye kuliko sisi. Tumekubaliana kumpa zamu ya kwanza ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Haitoshi, lakini ni kitu.

Ninyi mlio na mabwawa, nawaomba jambo moja dogo. Kabla ya kuinua panga juu ya matete, mwulizeni mtu mzee kuliko wote kijijini ni nani aliyekuwa akikaa humo.

Picha sasa imetundikwa nyumbani kwangu, mahali pasipofikiwa na jua, maana rangi za maji nazo hufifia zikianikwa. Mwanangu wa darasa la tatu huitazama na kuniuliza kama kweli yuko bata wa namna hiyo. Mimi humpeleka kwa bibi yule. Matete ya mlangoni yameota tena hata kufika kiunoni mwa mtu. Bata bado hajaja.